Kuomba chuo mapema kunasaidia kiasi gani? Mwongozo kwa mwanafunzi wa kidato cha sita wa Dodoma

Kila ikikaribia Septemba swali hili huzunguka mabwenini, na wazazi nao huulizana kwenye basi la kwenda kazini Mtumba: mtoto akiwahi kuomba chuo kikuu kinachogombewa, je, uwezekano wake wa kuchaguliwa unaongezeka? Jibu langu ni ndiyo, ila si kila mahali na si kwa kila mwombaji. Kuwahi kunasaidia pale chuo kinapogawa nafasi kwa mafungu, fungu la kwanza likatolewa kabla wengine hawajaomba. Pale maombi yote yanapokusanywa kwanza ndipo yaanze kupimwa, aliyetuma wiki sita kabla na aliyetuma siku ya mwisho wanapimwa sawa. Na hata penye mafungu, fomu iliyojazwa ovyo haiokolewi na tarehe.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa hapa kwetu katikati ya nchi, hasa anayesoma shule ya serikali na ambaye nyumbani hakuna wa kumlipia ada ya dola. Yeye ndiye anayepotea zaidi akipewa ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watoto wa shule za gharama kubwa.

Hatua ya kwanza: jua nafasi zinagawiwaje

Tuanze nyumbani. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji wa Tanzania haombi tena kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Anaomba moja kwa moja chuoni, na TCU inasimamia kalenda na sifa za udahili. Kalenda hiyo ina awamu. Awamu ya kwanza hufunguliwa katikati ya Julai, baada ya NECTA kutoa matokeo ya kidato cha sita, na hufungwa Agosti. Ndani ya awamu hiyo, aliyeomba Julai 16 hapewi cha ziada juu ya aliyeomba Agosti 8, kwa kuwa wote wanapangwa kwa ufaulu wa masomo ambayo kozi inayataka. Tofauti iko kati ya awamu na awamu. Awamu ya pili ni ya nafasi zilizobaki, na kozi zinazogombewa kama udaktari wa binadamu mara nyingi huwa zimekwisha au zimebakiza viti vya kuhesabu. Kwa hiyo hapa nyumbani "mapema" maana yake ni awamu ya kwanza, basi. Ukiwa na PCB yako nzuri (kombi ya Fizikia, Kemia na Biolojia) na unaitaka UDOM au Muhimbili, usikubali kushawishiwa kwamba awamu ya pili ina ushindani mdogo. Ina nafasi chache.

Uingereza ni tofauti. Huko maombi ya shahada ya kwanza yanapitia mfumo mmoja uitwao UCAS. Oxford, Cambridge na kozi za udaktari zinafunga Oktoba 15, saa 12 jioni kwa saa za kwao, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Nyingine hufunga Januari. Ukishatuma kabla ya tarehe hiyo, uliwahi mwezi au siku moja, unahesabiwa sawa na wenzako. Usipoteze usingizi kwa kutaka kuwa wa kwanza. Tumia muda huo kuboresha maelezo yako. Kumbuka pia kwamba huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja.

Marekani ndiko swali la kuwahi lina uzito, kwa sababu vyuo vingi vya huko vina mafungu mawili ya wazi. Fungu la mapema hufunga Novemba 1 au katikati ya Novemba, na majibu yake hutoka katikati ya Desemba. Fungu la kawaida hufunga mwanzoni mwa Januari, majibu yakitoka mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na mwombaji anatakiwa kujibu kabla ya Mei 1. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mafungu hayo.

Hatua ya pili: soma takwimu kwa macho mawili

Utaonyeshwa namba, na namba zenyewe ni za kweli. Kwa darasa lililoanza Harvard mwaka 2023, waombaji wa mapema walikuwa 9,553 na waliochukuliwa 722. Waliobaki walikuwa 47,384, na nafasi zilizotolewa baadaye ni 1,220, wakiwemo baadhi ya wale wa mapema waliosogezwa mbele. Piga hesabu: kati ya kila 100 wa mapema walipata karibu 8, na kati ya kila 100 wa baadaye hawakufika 3. Brown, kwa darasa lililoanza 2024, ilichukua takriban 14 kati ya kila 100 wa mapema, ilhali kwa waombaji wote kwa jumla ni kama 5.

Mtu akiona hivyo anasema: basi nikiwahi, nafasi yangu inazidi mara mbili au tatu. Ngoja kwanza. Ukilinganisha daraja la kwanza la Ilboru au Kibaha na la shule ya kata, huwezi kusema kwamba majengo ya Ilboru ndiyo yanayofaulisha, wakati serikali iliwachagua wanafunzi hao tangu mwanzo kwa ufaulu wao. Fungu la mapema la Marekani liko hivyo hivyo. Ndani yake wamo wanamichezo ambao makocha wa vyuo walishawataka, watoto wa waliosoma vyuo hivyo, na wanafunzi wa shule zenye mshauri wa vyuo anayeanza kuwaandaa miaka miwili kabla. Wengi wao wangechaguliwa hata wangeomba Januari. Harvard yenyewe husema asilimia hiyo kubwa inatokana na nguvu ya waombaji wa fungu hilo.

Je, ukiwaondoa hao kuna kinachobaki? Kipo. Mwaka 2003 mtafiti Christopher Avery na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa vyuo vinavyogombewa vya Marekani, wakilinganisha waombaji wenye sifa zinazokaribiana. Walikuta kuomba mapema kulilingana na kuongeza kama alama 100 kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huko ambao jumla yake ni 1600. Takwimu zao zilikuwa za miaka ya 1990 na mengi yamebadilika, lakini sababu iliyoleta tofauti hiyo bado ipo: chuo kinataka uhakika. Kikimchukua mtu aliyeahidi kuja, kiti hicho kimejaa, na hakuna haja ya kubahatisha kama atakwenda kwingine. Kuna vyuo vinavyojaza karibu nusu ya darasa kwa njia hii, na vingine zaidi ya nusu.

Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuacha maombi ya mapema, zikisema yanawapendelea wenye uwezo. Mwaka 2011 zote mbili zikayarudisha. Lawama ile ilikuwa ya haki, na inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kongwa au Manyoni: utaratibu huu ulitengenezwa na watu ambao Oktoba makaratasi yao yako tayari. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zinazofuata ni kuhakikisha na ya kwako yako tayari.

Hatua ya tatu: chagua aina ya ombi kwa kutazama pesa kwanza

Maombi ya mapema ni ya aina tatu, na majina yake utayaona kwenye fomu kwa Kiingereza.

Early Decision ni ombi la kujifunga. Unaomba mapema chuo kimoja tu kwa njia hii, na ukichaguliwa unatakiwa kwenda na kufuta maombi mengine yote. Mkataba wake unatiwa saini na watu watatu: wewe, mzazi au mlezi, na mshauri wa shule, ambaye kwa shule zetu huwa mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Hapa ndipo kuwahi kunasaidia zaidi. Vyuo vingine vina awamu ya pili ya kujifunga, inayofunga mwanzoni mwa Januari na kutoa majibu Februari.

Early Action haifungi. Unajibiwa mapema na bado una hadi Mei kuamua. Aina ya tatu ni hiyo hiyo Early Action, ila yenye sharti: hutaomba mapema chuo kingine binafsi cha Marekani. Vyuo vya umma na vya nje ya Marekani huruhusiwa kwa kawaida, lakini soma sharti la kila chuo. Katika aina hizi mbili faida ya kuwahi ni ndogo, na kwa maoni yangu faida kubwa ni kulala vizuri ukijua majibu Desemba badala ya Aprili.

Sasa pesa. Vyuo vya huko vinatofautiana katika jinsi vinavyomtazama mgeni anayehitaji msaada. Vichache havitazami kabisa uwezo wako wakati wa kukuchagua, na vikishakuchagua vinafidia pengo lote ambalo familia yako haiwezi kulilipa. Katika hivyo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown. Vingine vingi, hata vyenye jina kubwa, vina fungu la fedha la wageni lenye kikomo, na mtu anayehitaji kila kitu anapimwa pamoja na fungu hilo.

Ukiipanga orodha hiyo kwa aina ya ombi, picha inakuwa wazi. Harvard, Yale na Princeton wana ombi la mapema lisilofunga lenye sharti. MIT wana lisilofunga. Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown wana la kujifunga. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dodoma ambaye wazazi hawana akiba, akitaka kujifunga, ajifunge kwenye vyuo vya kundi hilo la mwisho, au kwenye chuo kingine ambacho tovuti yake inasema waziwazi kwamba kinafidia mahitaji yote ya wanafunzi wa kigeni. Penye maneno kama "misaada michache kwa ushindani" usijifunge.

Najua watu wanaogopa: je, nikichaguliwa na msaada ukawa hautoshi, nitashtakiwa? Hapana. Msaada usipotosha kweli, unaomba kuachiwa na unaachiwa. Hasara yake ni kwamba umepoteza nafasi ya kulinganisha, na kama ulikuwa umelala bila kuandaa maombi ya Januari, huna pa kukimbilia.

Jambo moja nalisisitiza. Usiandike kwamba huhitaji msaada kwa matumaini ya kuomba baadaye. Vyuo vingi humwambia mgeni ambaye hakuomba mwanzoni kwamba hataruhusiwa kuomba tena.

Fomu ya fedha inayotumiwa na vyuo vingi ni CSS Profile, inayofunguliwa Oktoba 1. Inauliza mapato kana kwamba kila mtu ana mshahara wa mwezi. Kama baba ni mkulima wa zabibu Hombolo au Mpunguzi, anayevuna mara mbili kwa mwaka, andika jumla ya mwaka mzima: kilo alizouza, bei, kisha toa gharama za dawa, maji na vibarua. Ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri inayoeleza ukubwa wa shamba na idadi ya wanaomtegemea, na taarifa za akaunti ya simu kama malipo yalipita huko. Anayeuza alizeti au ng'ombe afanye vilevile. Usikadirie kwa kukweza ili familia isionekane maskini, wala usishushe. Mapato madogo hayakuondoi kwenye kundi la kuchaguliwa katika vyuo vile vinane, lakini namba zinazopingana zinaweza kukuondoa.

Hatua ya nne: pima kalenda yako, uamue mwaka gani

Unaweza kuomba ukiwa bado kidato cha sita, au baada ya matokeo.

Ukiomba ukiwa shuleni, ifikapo Novemba 1 una vyeti vya kidato cha nne, matokeo ya kidato cha tano, na makadirio ya walimu. Moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, bado. Simu huruhusiwi kuwa nayo bwenini. Walimu ambao ungetaka wakuandikie barua wako kwenye maandalizi ya mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, na maofisa taaluma hawana nafasi ya kupumua. Faida yake ni kwamba ukichaguliwa unamaliza mitihani Mei na kuanza chuo Agosti au Septemba mwaka huo huo.

Ukiomba baada ya matokeo, unayo namba halisi ya NECTA mkononi tangu Julai. Hata kama umepangiwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, iwe Makutupora au kambi nyingine, ukirudi bado kuna wiki kadhaa kabla ya Novemba 1. Hasara ni mwaka mmoja wa kusubiri.

Kwa wanafunzi wengi wa shule za serikali za kwetu, njia ya pili ni bora. Daraja la kwanza la pointi 3 au 4 lililokwisha kutoka lina nguvu kuliko makadirio ya mwalimu ambaye chuo hakimjui. Lakini njia hii ina mtego. Ukianza shahada UDOM au St. John's wakati unasubiri, vyuo vingi vya Marekani vinaweza kukuhesabu kuwa mwombaji wa uhamisho, na mlango wa uhamisho ni mwembamba zaidi. Soma sharti la kila chuo kabla ya kujisajili popote. Huu ni uamuzi mgumu, hasa kwa aliyepata mkopo wa HESLB ambao familia iliutegemea, na sitamlaumu mtu anayechagua kuanza masomo hapa nyumbani. Ufanyeni pamoja na wazazi, kwenye meza, mkiwa na karatasi.

Mwenye matokeo ya kidato cha tano yasiyoridhisha asiwahi kabisa. Kuwahi kunakunyima miezi miwili ya kuonyesha kwamba umepanda.

Hatua ya tano: makaratasi, na hapa usiwe na haraka

Anza na majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na pasipoti kama unayo, uvipange mezani kwa safu moja. Soma herufi kwa herufi. Cheti kimoja kina majina mawili, kingine matatu. Kimoja kimeandika Hamis, kingine Hamisi. Kwa TCU na HESLB tofauti hizi huleta usumbufu, na kwa fomu za nje pia, maana mtihani wa SAT unahitaji jina lile lile lililo kwenye kitambulisho unachoonyesha mlangoni. Kama kuna tofauti, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uandae hati ya kiapo sasa hivi, Agosti, si Oktoba.

Fuata ripoti ya shule. Chuo kinataka alama za mihula yote ya kidato cha tano na cha sita kwenye karatasi yenye nembo ya shule, saini na mhuri unaosomeka. Mhuri uliofifia kwa wino kuisha umewahi kuchelewesha watu. Mwombe mwalimu agonge tena. Pamoja na alama, shule iandike ukurasa mmoja wa kujieleza: ina wanafunzi wangapi, ina kombi gani, kidato cha sita kilichopita kilipata daraja la kwanza wangapi, na kwamba daraja la kwanza ndilo la juu. Msomaji wa fomu aliye Massachusetts, Marekani, haijui shule yako. Akiambiwa kwamba darasa lina wanafunzi 70 na kitabu kimoja cha Fizikia kinasomwa na watu sita, alama yako ya B inaeleweka vingine kabisa.

Kisha barua za walimu, kwa kawaida mbili, na moja ya mkuu wa shule. Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoteza sana. Walimu wetu wamezoea barua ya tabia njema: mtiifu, mchapakazi, ana heshima, anashirikiana na wenzake. Kwa msomaji wa huko barua hiyo haina kitu, maana inaweza kuwa ya mtoto yeyote. Mpelekee mwalimu karatasi yenye mambo matatu aliyoyaona kwa macho yake. Kwa mfano: mwalimu wa Fizikia akumbuke jinsi binti alivyopima, kwa ndoo na saa ya ukutani, kiasi cha maji kinachotoka kwenye pampu ya shule asubuhi na jioni, akachora grafu na kumwonyesha mwangalizi wa bweni kwa nini zamu ya mwisho hukosa maji ya kuoga. Barua yenye tukio hilo moja, likielezwa na mwalimu kwa maneno yake, inazidi kurasa mbili za sifa. Mwombe Agosti, mkumbushe kwa adabu katikati ya Septemba, na mwandalie barua pepe anayoweza kuifungua mwenyewe. Kama hana, msaidie kuifungua kwenye steshenari, lakini nywila abaki nayo yeye.

Insha yako binafsi kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650. Fomu yenyewe hufunguliwa Agosti 1, hivyo una miezi mitatu. Andika jambo moja unalolijua kuliko mtu mwingine. Usiandike umaskini wa familia kama ombi la huruma. Andika unachofikiri na unachofanya. Usimpe mtu mwingine akuandikie, wala mashine.

Hatua ya sita: mitihani

MIT, Harvard na Brown wamerudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, na Yale wanataka mtihani mmoja kati ya kadhaa wanayoikubali. Dartmouth nao wamelirudisha, ila kwa aliyesoma nje ya Marekani hukubali pia mitihani mingine. Harvard huruhusu mbadala kwa wasioweza kuufikia. Bowdoin haijaulazimisha tangu 1969. Kwa fungu la Novemba 1, fanya SAT ya Agosti au ya Oktoba. Vituo tafuta Dar es Salaam na Arusha, jisajili miezi miwili kabla maana viti hujaa, na hakikisha kompyuta mpakato, hata ya kuazima, maana tangu 2023 mtihani huu nje ya Marekani unafanywa kwenye kompyuta. Treni ya SGR imerahisisha safari ya Dodoma kwenda Dar, lakini nenda siku moja kabla, usithubutu asubuhi ya mtihani.

Mtihani wa Kiingereza kama TOEFL, IELTS au wa Duolingo wengine wanausamehe kwa aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya saba: kutuma

Usihesabu masaa ya New York. Kwenye Common App tarehe ya mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za mahali ulipo wewe, hivyo mtu wa Dodoma anayejipa moyo kwamba huko bado mchana anaweza kujikuta amechelewa. Mimi ningesema tuma Oktoba 25. Bando linaisha, umeme unakatika, na PDF iliyoskaniwa kwa simu inakuwa nzito hadi inakataa kupanda.

Ada ya ombi moja kwa vyuo vya aina hii mara nyingi huzidi dola 70. Omba msamaha wa ada. Ni kisanduku kwenye fomu, na mkuu wa shule anathibitisha. Anayekuambia umlipe yeye mamilioni akuhakikishie nafasi, mwache. Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha nafasi kwenye chuo chochote nilichokitaja hapa. Ushauri wa bure upo EducationUSA, chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.

Kabla ya kulipa chochote, soma kwenye tovuti ya ubalozi huo masharti ya viza ya wanafunzi kwa Watanzania kwa mwezi huo. Serikali ya huko imekuwa ikiyabadilisha mara kwa mara, na hili ni sababu nyingine ya kutoweka mayai yote kwenye ombi la kujifunga. Omba pia vyuo vya nchi nyingine.

Hatua ya nane: majibu ya Desemba na baada yake

Majibu ni matatu. Ukichaguliwa kwa ombi la kujifunga na msaada unatosha, futa mengine siku hiyo hiyo. Ukikataliwa, huwezi kuomba tena chuo hicho mwaka huo, basi funga ukurasa na utume maombi ya Januari ambayo tayari umeyaandaa. Ukisogezwa kwenye fungu la kawaida, tuma barua fupi Januari au Februari yenye jipya: matokeo ya moko, tuzo, kazi uliyoimaliza. Barua isiyo na jipya usitume.

Maombi ya Januari yaandaliwe kabla ya majibu, yaani kabla ya Desemba 15. Kati ya tarehe hiyo na Januari 1 kuna Krismasi, shule zimefungwa, mkuu wa shule yuko kijijini kwao Kondoa au Iramba, na hapo hakuna wa kugonga mhuri.

Na ifikapo Julai, hata kama mkononi una barua ya kuchaguliwa nje ya nchi, omba awamu ya kwanza ya TCU na ujaze fomu ya HESLB. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA, na fomu iwe na saini ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja hapa nchini, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Usiandike barua ya kukiachia chuo cha hapa mpaka viza iwe imegongwa kwenye pasipoti.